Laura, Freddy na Rafiki Aliyesahauliwa

Frederica Riley, ambaye kila mtu humwita Freddy, ana umri wa miaka 17 na anasoma shule ya sekondari katika mji wa Berkeley, jimbo la California nchini Marekani. Anampenda msichana mwenzake aitwaye Laura Dean. Siku ya Wapendanao inapofika, Freddy anamkuta Laura akiwa na msichana mwingine, na uhusiano wao unavunjika kwa mara ya tatu. Haupiti muda mrefu, Laura anarudi akitabasamu kana kwamba hapakutokea jambo lolote, na Freddy anampokea. Kisha mambo yanajirudia.

Hicho ndicho kisa cha riwaya ya katuni iitwayo Laura Dean Keeps Breaking Up with Me, jina ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuwa "Laura Dean Haachi Kuniacha". Iliandikwa na Mariko Tamaki, mwandishi kutoka Kanada, ikachorwa na Rosemary Valero-O'Connell, na kuchapishwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata ilipewa heshima ya Printz, ambayo wakutubi wa Marekani huitoa kwa vitabu bora vya vijana, na ikashinda tuzo ya Eisner ya kitabu bora cha katuni kwa vijana. Mwandishi na mchoraji nao walitunukiwa tuzo za Eisner mwaka huohuo.

Huenda msomaji akajiuliza kitabu cha namna hii kinatafuta nini katika jarida la afya. Hakuna daktari anayeongoza kisa chake, wala hakuna ugonjwa wenye jina unaompata mhusika mkuu. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kuketi mbele ya kijana asiyelala, asiyekula, aliyeshuka darasani na anayejibu kila swali kwa "sijambo", atamtambua Freddy kabla ya kufika nusu ya kitabu. Tena atatambua jambo moja ambalo mafunzo ya tiba hayalipi nafasi kubwa: dalili ya mapenzi yanayodhuru huweza kuonekana kwa marafiki walioachwa mapema zaidi kuliko kwa mpenzi mwenyewe.

Laura Dean hampigi Freddy. Hamtukani wala hamfungii ndani. Ni msichana mchangamfu, mwenye sura ya kuvutia, anayependwa na shule nzima, na Valero-O'Connell amemchora kwa namna ambayo msomaji mwenyewe anaelewa kwa nini mtu angemsubiri. Kosa lake ni la aina nyingine. Huita anapotaka na kunyamaza anapotaka. Huahidi, kisha husahau. Na Freddy anapoonesha kuumia, huambiwa kwa upole kuwa anakuza mambo. Kurasa nyingi zinamwonesha Freddy akiitazama simu yake. Ujumbe ukiingia, anaondoka alipo. Usipoingia, yupo pale kwa mwili tu.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya wanawake na ukatili majumbani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2005, uliwahoji zaidi ya wanawake 24,000 katika nchi kumi, na Tanzania ilikuwa mojawapo, kwa maeneo ya Dar es Salaam na Mbeya. Mbali na vipigo, watafiti waliuliza kuhusu tabia za kumdhibiti mwenza. Katika orodha yao zilikuwemo kumzuia asionane na marafiki, kutaka kujua alipo kila wakati, na kumpuuza au kumtendea kana kwamba hana maana. Hilo la mwisho lastahili kutazamwa upya. Wengi hudhani mtu anayemdhibiti mwenzake humng'ang'ania. Kumbe kupuuza nako huweza kuwa kamba. Laura hamkatazi Freddy kuwaona rafiki zake hata siku moja. Anamwita tu wakati Freddy yuko nao, na Freddy mwenyewe ndiye anayeinuka na kuondoka.

Marafiki hao ni Doodle, msichana mpole anayependa michezo ya kuigiza hadithi za kubuni, pamoja na Eric na Buddy, wavulana wawili ambao nao ni wapenzi. Mwanzoni wanamfariji Freddy kila anapoachwa. Kadiri kurasa zinavyosonga wanachoka, kwa sababu kila wanachopanga naye huvunjika simu inapolia. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, neno shoga kwa maana yake ya asili ni mwanamke aliye rafiki wa karibu wa mwanamke mwenzake, yule ajuaye siri za nyumbani na anayeitwa kabla ya ndugu. Kwa maana hiyo ya kale, Doodle ndiye shoga wa Freddy. Na Doodle ana jambo zito la kumwambia.

Doodle ni mjamzito. Amekuwa akitafuta nafasi ya kulisema, na mara zote Freddy ama yuko njiani kwenda kwa Laura, ama anamlilia Laura. Hapa ndipo Tamaki anaposimamia hadithi yake yote. Msomaji, ambaye kwa kurasa nyingi amemhurumia Freddy kwa kutendewa vibaya, ghafla anaona kwamba Freddy naye amekuwa akimtendea Doodle vilevile anavyotendewa na Laura: anamwita akimhitaji, hamsikilizi akizungumza, na akikosea anaomba radhi kwa haraka ili mambo yaendelee. Mwandishi hapazi sauti kulisema hili. Analiacha lionekane katika sura ya Doodle, ambaye kwa mara kadhaa amechorwa akiwa amefungua mdomo kidogo, kama mtu aliyekatizwa.

Baadaye Freddy anajua, na anamsindikiza Doodle kliniki kutoa mimba. Ikumbukwe kuwa hadithi hii ni ya California, ambako utoaji mimba ni halali na ambako mahakama kuu ya jimbo, mwaka 1997, ilibatilisha sheria iliyomtaka msichana aliye chini ya miaka 18 kupata idhini ya mzazi. Sheria za nchi nyingi wanakosoma Kiswahili ni tofauti kabisa na hizo. Lakini kinachochorwa katika sehemu hiyo si sheria. Ni wasichana wawili, mmoja akiogopa, na mwingine akijifunza upya namna ya kukaa karibu na mtu bila kuitazama simu.

Kwa nini Freddy asimwache Laura mapema? Kila mtu amemwambia amwache. Rafiki zake wamemwambia. Mpiga ramli, ambaye Doodle alimshauri amwendee, naye amemwambia, tena bila kuzunguka. Ushauri ni sahihi na haufanyi kazi. Wahudumu wa afya wanaijua hali hiyo vizuri: mgonjwa hutikisa kichwa, hukubali, na wiki mbili baadaye hurudi na jeraha lilelile.

Saikolojia ina maelezo yake. Mwaka 1957 Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya miaka mingi ya majaribio, mengi yakiwa juu ya njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa aliyepewa punje kila alipodonoa aliacha upesi punje zilipokoma. Yule aliyepewa mara chache, bila mpangilio anaoweza kuutabiri, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu sana ingawa hakupata kitu. Mwaka 1981 wanasaikolojia Donald Dutton na Susan Painter walitumia wazo lililo karibu na hilo kueleza kifungo cha kihisia kati ya mtu anayedhulumiwa na anayemdhulumu: wema unaokuja kwa vipindi, baada ya maumivu, hukaza fundo badala ya kulilegeza. Tabasamu la Laura baada ya wiki ya ukimya lina thamani kubwa kwa Freddy kwa sababu hiyohiyo. Kumwita mtu wa namna hii mjinga ni kosa la kitaalamu, achilia mbali ukosefu wa adabu.

Freddy mwenyewe anatafuta ufafanuzi kwa kumwandikia mshauri wa mambo ya mapenzi, kama wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wanavyomwandikia shangazi wa safu ya maswali. Barua zake ndizo zinazobeba simulizi. Anauliza kwa nini Laura haachi kumwacha, na kwa nini yeye anaendelea kurudi. Jibu linapopatikana, kitabu kikiwa karibu kwisha, halimlaumu mtu wala halitoi amri. Linamgeuzia macho atazame mapenzi hayo yamemfanya yeye kuwa mtu wa namna gani. Ni wazi kuwa swali la namna hiyo lisingepata mahali pa kutua mwanzoni mwa hadithi. Linatua kwa sababu Freddy ameshamwona Doodle.

Uchoraji nao una kazi yake ya kitabibu, ikiwa neno hilo linaruhusiwa. Kitabu chote kimechorwa kwa rangi nyeusi, kijivu na waridi. Freddy ana mazoea ya kufumua midoli ya wanyama na kushona upya vipande vya mdoli mmoja na vya mwingine, na viumbe hao, wenye kichwa cha huyu na mwili wa yule, hupewa sauti katika baadhi ya picha wakimtazama bwana wao na kutoa maoni. Mara nyingi mchoraji huacha nyuso na kuonesha mkono, mgongo, kiatu, pembe ya chumba. Mhudumu anayejifunza kumtazama kijana chumbani mwake angenufaika kuzisoma kurasa hizo polepole, maana kijana asiyetaka kusema huzungumza kwa viungo hivyohivyo.

Matumizi ya katuni katika tiba yamekwishapata jina na wafuasi. Daktari Ian Williams wa Wales ndiye aliyeanza kuyaita tiba ya katuni mwaka 2007. Muuguzi MK Czerwiec alichora kumbukumbu zake za wodi ya wagonjwa wa UKIMWI mjini Chicago katika kitabu Taking Turns cha mwaka 2017. Mwaka 2009, Dkt. Michael Green alianza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari katika chuo cha Penn State kusoma na kuchora katuni. Katika Afrika Mashariki katuni si ngeni kwa elimu ya vijana. Shujaaz, iliyoanza nchini Kenya mwaka 2010, imewafikia vijana wengi kwa lugha yao wenyewe. Tofauti ni kwamba katuni za kuelimisha huwa na ujumbe ulioandaliwa mapema, ilhali Tamaki anamwacha msomaji akosee pamoja na Freddy. Mtu aliyekosea pamoja na mgonjwa hukawia kumhukumu.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba asilimia 24 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa katika uhusiano wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza, idadi inayokaribia milioni 19. Takwimu hiyo ni nzito, na Freddy hayumo ndani yake. Ukatili wa kihisia haukuhesabiwa. Fomu nyingi za kliniki nazo haziuhesabu, maana zinauliza kama mtu amepigwa, ametishwa kwa silaha, amelazimishwa. Freddy angejibu hapana mara tatu, kwa ukweli kabisa, na kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Utaratibu wa mahojiano ya vijana unaojulikana kwa jina la HEADSS, ulioenezwa na Goldenring na Cohen mwaka 1988, unaanza na mambo ya nyumbani, ukapita kwenye masomo, shughuli na dawa za kulevya, kabla ya kufika kwenye ujinsia na huzuni. Marafiki wamo kwenye sehemu ya shughuli, na mara nyingi hupitwa mbio: "Una marafiki?" "Ninao." Kisha swali linalofuata. Riwaya hii inashawishi kuwa hapo ndipo pa kutulia. Mara ya mwisho ulikaa na rafiki yako lini? Tangu uhusiano huu uanze, ni nani ambaye huonani naye tena? Ukiwa na rafiki zako na simu ya mpenzi wako ikaita, nini hutokea? Maswali hayo hayamtaji mpenzi kwa ubaya, kwa hiyo kijana hana haja ya kumtetea. Wala hayamlazimu aseme mpenzi huyo ni wa kiume au wa kike.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Freddy ana bahati isiyo ya wote: wazazi wake wanajua anampenda nani na hawasumbuki nalo, na tatizo la kitabu si kwamba anampenda msichana bali kwamba anapendwa vibaya. Anaweza kulilia penzi lake mezani. Kijana aliye katika uhusiano wa jinsia moja mahali ambapo sheria huuadhibu, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika nchi hizo, amefungwa milango miwili. Ili aseme anaumizwa, lazima kwanza aseme anampenda nani. Mwenza mwenye nia mbaya anaujua mlango huo, na kitisho cha kumfichua mwenzake kwa familia au shule ni mojawapo ya njia za udhibiti zinazotambuliwa na wataalamu wa fani hii. Mhudumu anaweza kuwa na imani yake na maoni yake; usiri wa mgonjwa hautegemei hayo. Kuonana na kijana peke yake kwa sehemu ya mazungumzo, mzazi akisubiri nje, na kumweleza mapema kitakachobaki siri na kile ambacho usalama wake utalazimu kisemwe, ni wajibu unaomhusu kila kijana sawasawa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kwa watoa huduma wanaowahudumia wanawake waliofanyiwa ukatili unaelekeza hatua za kusikiliza, kuuliza mahitaji, kumthibitishia mtu kuwa anaaminiwa na halaumiwi, kuimarisha usalama wake na kumuunganisha na msaada. Agizo la kumwambia amwache mwenza wake halimo. Uamuzi ni wake, na mara nyingine muda wa kuachana ndio wenye hatari kubwa zaidi. Kwa kijana kama Freddy, ambaye hatari yake si ya kisu bali ya kufifia kidogokidogo, msaada unaweza kuwa mtu anayemjua tayari. Uchambuzi wa Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa mwaka 2010, uliokusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000, ulikuta kuwa watu wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano wa kuishi uliozidi wa wengine kwa asilimia 50 katika kipindi cha kufuatiliwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wazee, na hawakuwa na chati.

Kitabu kina upungufu wake. Watu wazima wamo pembezoni, na wale wa sekta ya afya karibu hawaonekani. Laura naye hapewi nafasi ya kueleza kinachomsukuma, ingawa pengine huo ndio ukweli wa watu kama yeye machoni pa wanaowapenda. Msomaji anayetafuta hadithi ya mateso ya vijana wapenzi wa jinsia moja atashangaa kuona ni hadithi ya kawaida kabisa, ya mtu kumpenda asiyemjali na kumsahau anayemjali. Ingeweza kuwa ya mvulana na msichana wa Tanga au Kisumu.

Lipo jambo moja zaidi ambalo kitabu hakilisemi na ambalo muuguzi angeliona. Siku ile ya kliniki, Doodle ndiye mgonjwa. Ana faili, ana zamu, ataitwa kwa jina lake. Freddy ni msindikizaji tu. Kwenye madaftari hayumo, na hakuna aliyepangiwa kumwuliza hali yake, ingawa kati ya wasichana hao wawili, yeye ndiye aliyekaa miezi mingi katika uhusiano unaomla. Kila kituo cha afya kina benchi la namna hiyo, na kila asubuhi lina mtu aliyemleta mwenzake. Muuguzi anayepita na maji ya kunywa anaweza kusimama hapo nusu dakika na kumwuliza: "Na wewe, mwanangu, nani humsindikiza?"